Wasomaji Wanauliza: Kuchora na Kusoma Mchoro wa Ufundi

Barua nne zilizofika mezani mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani mchoro uliotoka mkononi mwa mtu mmoja na kusomwa vingine na mtu wa pili. Zimetoka kwa seremala, kwa mama anayejenga, kwa mchomeleaji wa mageti na kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mahali ambapo msomaji alituma mchoro pamoja na barua yake, nimeueleza kwa maneno ili wengine nao waufuate.

SWALI: Mwalimu, salaam. Mteja aliniletea mchoro wa kabati la televisheni alioupakua mtandaoni, wenye picha tatu: ya mbele, ya juu na ya ubavuni. Nililitengeneza kwa vipimo vyote vilivyoandikwa. Alipokuja kulichukua alisema kwamba tundu la kupitishia waya nimelitoboa ubavu wa kushoto wakati mchoro unalitaka kulia. Nilisoma uchoraji chuo cha ufundi, na kila nikiutazama mchoro ule naona sikukosea. Kosa ni la nani? *Seremala, Keko.*

JIBU: Ndugu seremala, mchoro uliouambatisha nimeukagua mstari kwa mstari. Wewe uliusoma kama ulivyofundishwa chuoni, na aliyeuchora aliuchora kama alivyofundishwa kwao. Zipo desturi mbili za kupanga mionekano ya kitu juu ya karatasi, na mchoro huo haukuandika popote kwa maneno kwamba unafuata ipi, ingawa dalili zilikuwapo.

Desturi ya kwanza huitwa pembe ya kwanza, na ndani yake kitu husimama kati ya jicho na ukuta. Fikiria umeweka kabati lako katikati ya chumba usiku, ukashika taa upande wake wa kushoto: kivuli kitaangukia ukuta wa kulia. Hivyo ndivyo mionekano inavyopangwa. Kinachoonekana kutoka kushoto huchorwa kulia kwa mwonekano wa mbele, na kinachoonekana kutoka juu huchorwa chini yake. Desturi ya pili huitwa pembe ya tatu, na humo karatasi ndiyo inayosimama kati ya jicho na kitu, kama kioo cha dirisha ambacho mtu anachora juu yake kile anachokiona upande wa pili. Hapo kinachoonekana kutoka kulia hubaki kulia, na kinachoonekana kutoka juu hukaa juu. Ulaya imezoea pembe ya kwanza, Marekani imezoea pembe ya tatu, na mtandao umezileta zote mbili katika karakana moja ya Keko.

Majina hayo yametokana na bapa mbili, moja ya wima na moja ya mlalo, ambazo zikikatana hutoa nafasi nne. Kitu kikiwekwa katika nafasi ya pili au ya nne, mionekano yake hulaliana pale bapa zinapokunjuliwa kuwa karatasi moja, na ndiyo sababu nafasi hizo hazitumiki. Aliyeipa elimu hii msingi wake wa kihesabu ni Mfaransa Gaspard Monge (1746–1818), ambaye alianza kuitumia katika chuo cha kijeshi cha Mézières kwa kazi ya kupanga kuta za ngome, na jeshi liliithamini kiasi cha kuifanya siri kwa miaka mingi. Kwa hiyo usione aibu kwamba imekutatiza.

Sasa tuzitazame dalili nilizozitaja. Ya kwanza ni kwamba mwonekano wa juu wa kabati, ule unaoonyesha bapa la kuwekea televisheni, umekaa juu ya mwonekano wa mbele. Hilo peke yake linatosha kukwambia kwamba mchoro ni wa pembe ya tatu, na kwamba ubavu uliochorwa kulia ni ubavu wa kulia wenyewe. Dalili ya pili imo pembeni, katika kisanduku cha maelezo: alama ndogo ya koni iliyokatwa ncha, kando yake duara mbili, moja ndani ya nyingine. Ncha nyembamba ya koni ikielekea kushoto na duara zikawa upande wa kulia, hiyo ni pembe ya kwanza. Duara zikiwa kushoto, kwenye upande wa ncha hiyo, ni pembe ya tatu. Katika mchoro wako duara ziko kushoto. Itazame alama hiyo kabla hujashika msumeno.

Hata hivyo aliyechora naye hana udhuru kamili, na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu jambo lenyewe ni mistari, na mistari ndiyo lugha yote ya kazi hii. Mstari mnene usiokatika unasema: huu ni ukingo, jicho linauona. Mstari wa vipande vifupi vifupi, ulio mwembamba, unasema: huu nao ni ukingo, upo, lakini umefichwa na kitu kilicho mbele yake. Mstari mwembamba wenye kipande kirefu kikifuatiwa na kifupi unaonyesha mhimili, yaani katikati ya tundu, ya nguzo au ya kitu chochote ambacho nusu zake mbili zinafanana. Mstari mwembamba usiokatika ni wa vipimo na wa kuvielekeza, na pia ni wa ile michirizi ya mshazari, kwa kawaida ya nyuzi 45, inayojazwa mahali ambapo kitu kimekatwa kwa mawazo ili ndani yake ionekane. Unene una maana sawa na umbo: mstari mnene huwa mara mbili ya mwembamba, kwa mfano milimita 0.5 kwa 0.25, ili jicho lipate kwanza sura ya kitu na baadaye maelezo yake.

Mchoraji wa kabati lako aliacha mistari ya vipande vipande kabisa. Angeichora katika mwonekano wa mbele, ungeona ndani ya unene wa ubao wa kulia vijistari viwili vya mlalo vinavyoonyesha mahali tundu linapopita, na hata kama ungechanganya pembe ya kwanza na ya tatu, mwonekano wa mbele ungekusahihisha, kwa kuwa wenyewe haubadiliki katika desturi zote mbili. Mchoro mzuri huwa na ushahidi wa pili wa kila jambo la hatari. Mweleze mteja hivyo kwa upole, mgawane gharama ya ubao mmoja, na kabati lenyewe litabaki zima.

SWALI: Mwalimu, nimepata kiwanja Kigamboni na nimechorewa ramani ya nyumba ya vyumba vitatu kwenye karatasi ya A3, skeli 1:50. Ili nisiiharibu niliipeleka stesheneri, wakanitolea fotokopi ya A4, nikampa fundi. Vipimo vya vyumba vya ndani havikuandikwa, kwa hiyo fundi alipima kwa rula na kuanza kuchimba msingi. Chumba nilichoambiwa kitakuwa na mita 4 kimetoka mita 2 na sentimita 83. Nimefanya nini? Pia ile robo ya duara iliyo kwenye kila mlango ina maana gani? *Mama mwenye nyumba, Kigamboni.*

JIBU: Mama, pole sana. Kama zege halijamwagwa, simamisha kazi leo. Gharama itakuwa ya kuchimba upya tu.

Skeli ya 1:50 ina maana kwamba milimita 1 juu ya karatasi inasimama badala ya milimita 50 juu ya ardhi. Chumba cha mita 4 kinachukua milimita 80 kwenye karatasi ya awali. Mashine ya fotokopi inapopunguza A3 kuwa A4 hufupisha kila urefu ukabaki karibu asilimia 71, kwa hiyo zile milimita 80 zikawa 56.6, na fundi alipozizidisha kwa 50 akapata mita 2.83. Hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa. Maandishi ya “1:50” yalikuwa bado yapo pembeni, lakini tangu karatasi ilipopita kwenye mashine hayakuwa kweli tena. Kwa hakika ramani yako ilikuwa imekuwa takriban 1:71, na kila chumba kimebakiwa na nusu ya eneo lake.

Asilimia 71 haikutoka hewani. Karatasi za mfululizo wa A, utaratibu uliowekwa Ujerumani mwaka 1922 na baadaye kukubaliwa karibu dunia nzima, huanza na A0 yenye milimita 841 kwa 1,189, ambayo eneo lake ni mita moja ya mraba. Ukiikata katikati unapata A1, ukiikata hiyo unapata A2, kisha A3 ya milimita 297 kwa 420, kisha A4 ya 210 kwa 297. Uwiano wa urefu na upana umechaguliwa ili kila nusu ibaki na umbo lilelile la karatasi mama, na ndiyo sababu mchoro hupungua bila kupotoka. Kwa wanaofanya kazi hii kila siku upo unafuu mmoja: ukishuka hatua mbili, kwa mfano kutoka A1 hadi A3, kila urefu unakuwa nusu kamili, na mchoro wa 1:50 unageuka kuwa 1:100 unaopimika bila taabu. Hatua moja ndiyo yenye hatari, na ndiyo hiyo uliyoichukua.

Mrudie aliyekuchorea umtake mambo mawili. Kwanza, aandike kila kipimo kwa tarakimu, ndani na nje, kwa kuwa tarakimu haipungui kwenye fotokopi, na aongeze maneno kwamba mchoro usipimwe kwa rula. Pili, achore mstari wa skeli, yaani mstari mmoja mfupi uliogawanywa na kuandikwa 0, 1, 2, 3, 4 na 5 za mita. Mstari huo hupungua pamoja na ramani, hivyo hata mtu akiipiga picha kwa simu na kumtumia fundi kwa WhatsApp, bado ataweza kulinganisha na kugundua kwamba mambo yamebadilika.

Kuhusu robo ya duara: ramani ya sakafu ni nyumba iliyokatwa kwa mawazo kwa mlalo, kiasi cha mita moja na zaidi kidogo kutoka sakafuni, kisha sehemu ya juu ikaondolewa na mtu akatazama chini. Kuta zimepitiwa na mkato ndiyo maana zimechorwa kwa mistari minene, na madirisha yanaonekana kwa kuwa mkato umepita katika usawa wao. Robo ya duara ni njia ambayo ukingo wa mlango unapita unapofunguliwa. Ifuate kwa kidole katika kila chumba ujiulize kitanda na kabati vitakaa wapi, kwa maana mlango unaogonga kitanda ni rahisi kuugeuza juu ya karatasi kuliko baada ya fremu kusimama.

SWALI: Mimi ni mchomeleaji, Gerezani. Mteja alinipigia simu akataka geti la futi 12 kwa futi 7. Nilichora, nikageuza kila futi kuwa sentimita 30, nikachomelea. Tulipolifikisha Tabata lilipungua karibu sentimita 6 kwa upana. Je, kuna namna sahihi ya kuandika vipimo kwenye mchoro ili jambo hili lisijirudie?

JIBU: Ndugu, rula ya shuleni ndiyo iliyotuzoesha kosa hili. Tunaiita rula ya futi moja, nayo ina sentimita 30, lakini futi ya kweli ni milimita 304.8, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4. Katika futi 12 tofauti hiyo inafika milimita 57.6, ambazo ndizo sentimita 6 zako, na katika futi 7 umepoteza nyingine 33.6. Soko letu linauza mbao za mbili kwa nne kwa inchi na vigae kwa sentimita, kwa hiyo siwezi kukuambia uache futi. Ninachokuambia ni kwamba mchoro mmoja uwe na kipimo cha aina moja. Geuza yote kuwa milimita mwanzoni, uandike mara moja pembeni kwamba vipimo vyote ni vya milimita, na baada ya hapo tarakimu zisimame peke yake. Zaidi ya hayo, kwa geti nenda mwenyewe na futi kamba ukapime nafasi kati ya nguzo juu, katikati na chini.

Katika kuandika vipimo, chora mistari miwili myembamba ya kuelekeza kutoka kingo za kitu, ianze ikiwa imeachana na ukingo kwa kama milimita moja ili isidhaniwe kuwa sehemu ya geti. Kati yake weka mstari wa kipimo wenye mishale miwili na tarakimu juu yake. Vipimo vidogo vikae karibu na kitu na vikubwa nje yake, kusudi mistari isikatane. Kila kipimo kiandikwe mara moja tu. Kikiandikwa mahali pawili, siku utakaporekebisha kimoja utasahau cha pili. Kipenyo cha tundu au bomba hutanguliwa na alama ya Ø, na nusu kipenyo cha pindo hutanguliwa na herufi R.

Lipo jambo moja ambalo hukuliuliza, nami nimeliona kwenye mchoro wako. Umeonyesha nafasi za bomba za wima kwa mnyororo, kila moja ikipimwa kutoka kwa jirani yake. Ukikosea milimita 1 katika kila hatua kwa upande uleule, bomba la 20 litakuwa limehama milimita 20, na nafasi ya mwisho ndiyo itakayobeba makosa yote. Pima zote kutoka ukingo mmoja: 150, 300, 450 na kuendelea. Kosa la bomba moja litabaki la bomba hilo.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kidato cha tatu, Temeke. Tumepewa zoezi la kuchora kwa aisometriki, yaani kuonyesha nyuso tatu za kitu katika picha moja, bloku yenye tundu la duara, kwanza kwa mkono bila rula, kisha kwa vifaa. Nikichora duara kwa bikari linaonekana kama sahani iliyobandikwa mbele ya bloku. Nikosoe tafadhali. Na je, nitumie penseli gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na penseli: 2H iliyochongwa vizuri kwa mistari ya awali iliyofifia, na HB kwa mistari ya mwisho na maandishi. Herufi H ni ya ugumu na B ni ya weusi. Mkono wenye jasho la joto letu huchafua karatasi haraka, kwa hiyo weka kipande cha karatasi safi chini ya kiganja.

Unapochora bila rula, weka nukta mbili, mwanzo na mwisho, kisha peleka penseli huku jicho likitazama nukta ya mwisho badala ya ncha ya penseli. Mstari wa mlalo uvute kutoka kushoto kwenda kulia kama unatumia mkono wa kulia, na wa wima kutoka juu kwenda chini, kwa mkono mzima na si kwa vidole tu. Kila kitu kianze kama sanduku lililofifia, na umbo lichongwe ndani ya sanduku hilo. Wanaoanza na tundu kabla ya bloku hupotea karibu kila mara. Usifute mistari ya awali mapema, kwa kuwa ndiyo inayokuonyesha ulikopita.

Aisometriki, ambayo kanuni zake zilielezwa na William Farish wa Cambridge mwaka 1822, ina mihimili mitatu: mmoja wa wima na miwili inayopanda kwa nyuzi 30 kutoka mlalo, mmoja kushoto na mwingine kulia. Urefu wowote unaofuata mihimili hii unapimwa moja kwa moja kwa rula, lakini mshazari haupimwi. Kwa mistari isiyofuata mihimili, tafuta kwanza ncha zake mbili kwa kupima kwenye mihimili, ndipo uziunganishe.

Duara lako lilionekana limebandikwa kwa sababu uso wa bloku umeinama lakini duara halikuinama nao. Mraba ukiuchora kwa aisometriki unakuwa rombasi, na duara lililo ndani yake linakuwa duaradufu. Tuseme tundu lina kipenyo cha milimita 60. Chora juu ya uso huo rombasi yenye pande za milimita 60 zinazofuata mihimili, uweke alama katikati ya kila upande. Rombasi hiyo ina pembe butu mbili na pembe kali mbili. Kutoka kila pembe butu vuta mistari miwili hadi katikati ya pande mbili zilizo mbali nayo. Mistari hiyo minne itakatana mahali pawili, juu ya ule mshazari mrefu. Sasa unavyo vitovu vinne: pembe butu mbili ni za matao makubwa, na makutano mawili ni ya matao madogo. Chora kwa bikari kila tao kutoka alama ya katikati ya upande mmoja hadi ya upande unaofuata, na matao manne yataungana kuwa duaradufu moja inayolala juu ya uso wa bloku.

Kwa mfano huu, nusu kipenyo cha tao kubwa inapaswa kuwa karibu milimita 52, na cha tao dogo zaidi kidogo ya 17. Matao yasipokutana vizuri usiyalazimishe kwa mkono. Rudi upime zile alama nne za katikati ya pande, kwa kuwa mara nyingi mojawapo huwa imesogea nusu milimita.